Upande Wake wa Anga

Mimi si mwoga. Waulize watu wa mtaa wetu, watakwambia aliyemkimbiza mwizi wa betri ya gari akiwa na kandambili mkononi ni mimi, fundi wa miwani, na mvi zangu hizi. Ndiyo maana iliniuma sana kwamba mara mbili nilipanda juu ya paa la nyumba yangu mwenyewe kutazama nyota, na mara zote mbili nikateremka mbio, nikasingizia mbu.

"Mbu gani, mama, na huna hata upele mmoja?" binti yangu aliniuliza.

Binti yangu ni mwalimu, na kumdanganya mwalimu ni kujichosha bure. Tangu baba yake afariki, huja kunitazama kila mwisho wa wiki, na safari hii alikuja na hoja kamili.

"Kukaa huko juu gizani peke yako ni kujitesa. Nipe darubini niipeleke shuleni kwangu, wanafunzi waitumie. Hata baba angekubali."

"Baba yako usimtie maneno mdomoni," nilimjibu. Damu ilikuwa imeshachemka. "Leo napanda mara ya tatu. Nikiteremka kabla hujamaliza kupika, ibebe uende nayo. Sitasema neno."

Akaliweka sanduku la darubini mlangoni, tupu, mdomo wazi. Nilipolipita nikajuta, lakini maneno yakishanitoka mimi huwa siyarudishi.

Darubini yenyewe tuliitengeneza wenyewe. Lenzi niliisugua kwa mikono yangu mpaka vidole vikafa ganzi, na mume wangu, fundi bomba, akaikatia mwili kutoka kwenye bomba la plastiki lililobaki kazini. Aliyemcheka alialikwa juu kuchungulia, na aliteremka bila kicheko.

Sasa, macho ya kutazama nyota yanataka kwanza yazoee giza. Ukiyaonyesha mwanga kidogo tu, umeharibu kazi, unaanza upya kungoja. Kwa hiyo tulijiwekea sheria: kila mtu na upande wake wa anga, na hakuna kugeuka. Mimi nilipewa kusini, kwenye mashamba na bwawa. Yeye alichukua kaskazini, upande wa mjini, na enzi hizo mji wenyewe ulikuwa taa chache na mbwa wengi. Tuliweka stuli mbili, tukakaa tumepeana migongo na kuegemeana, mimi na darubini kubwa, yeye na ile ndogo ya kushika mkononi. Miaka thelathini tulikaa hivyo.

"Kwako kukoje?" angeniuliza.

Ningemsimulia nyota kwa nyota. Nami ningemuuliza, "Na kwako?"

"Kwangu kumejaa!" Hapo angeanza majigambo. Alikuwa na nyota yake moja nyekundu aliyoipa jina la Dada Mkubwa, kwa ajili ya dada yangu, kwa sababu eti haikosi shughuli hata moja na inakonyeza kila mtu. "Shemeji yangu keshafika. Ananikonyeza, usimwambie mtu." Nilicheka mpaka darubini ikatikisika.

Basi jioni hiyo nikapanda. Nikaweka stuli yangu pale pale, nyuma yangu ikabaki stuli yake, tupu. Mwezi haukuwepo, anga la kusini limetakata. Nikaupata Msalaba wa Kusini bila hata kuutafuta, nikajisifu kidogo, nikainama kwenye lenzi.

Na hali ile ile ikaanza. Kwanza mgongo ukasisimka, pale hasa alipokuwa akiniegemea. Tangi la maji likaguna. Nikajikaza, nikajiambia tangi ni tangi. Nilipoinua kichwa nikakiona tena kile kilichonikimbiza mara mbili: kwenye ukuta mfupi wa paa, mbele yangu, kulikuwa na kitu cheusi kimejikunyata. Nilipoinama, nacho kikainama. Nilipoinuka, kikainuka.

Nywele zilinisimama. Nasema kweli, niliogopa, na jasho jembamba likanitoka. Miguu ilishaanza kuelekea ngazini yenyewe. Kisha nikalikumbuka lile sanduku mlangoni, mdomo wazi, likiningoja.

"Nani?" nikasema, kwa sauti ile niliyomkimbizia mwizi wa betri.

Nikavua kandambili, nikainua mkono nimpige. Naye akainua mkono.

Nikabaki hivyo, kandambili hewani. Nikaupunga mkono. Naye akapunga. Loo! Kumbe nilitaka kujipiga mwenyewe! Kilikuwa kivuli changu. Nilikaa chini, nikacheka peke yangu kama mwehu, nikashukuru hakuna aliyeniona.

Halafu kicheko kikakatika. Kivuli kinataka mwanga, na mwanga huo ulikuwa unatoka nyuma yangu. Mbona miaka yote ile sikuwahi kukiona? Mume wangu alikuwa pande la mtu, mimi mwembamba kama ufagio. Akikaa nyuma yangu, ukuta wote wa mbele unakuwa giza tupu, na kivuli changu kinamezwa ndani ya chake.

Nikavunja sheria. Niligeuka, nikakalia stuli yake, uso kaskazini.

Mji ulikuwa umewaka wote. Kituo cha mafuta, kiwanda cha mikate, taa za uwanja wa mpira, mabango, barabara mpya yenye taa huku na huku. Nilijua mji umekua, nani asiyejua? Naupita kila siku nikienda dukani kwangu. Lakini sikuwahi kuuona kutoka kwenye stuli ile. Juu yake anga lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa. Nikachukua darubini yake ndogo, niliyopanda nayo, nikatafuta nyota hata moja. Macho yakaniuma, machozi yakanitoka, nyota sikuipata.

Nikamtafuta Dada Mkubwa. Huyo nilimpata mara moja. Alikuwa mwekundu, juu ya vilima, anawaka na kuzima, anawaka na kuzima. Ilikuwa taa ya mnara wa simu.

Mimi ninayejua kila nyota inakuja miezi gani na kuondoka miezi gani, sikuwahi kujiuliza hata siku moja kwa nini nyota ya mume wangu haina msimu. Niliambiwa iko, nikacheka, nikarudi kwenye lenzi yangu. Mji ulimjia usoni taa moja baada ya nyingine, naye akakaa pale pale, anakodolea macho kituo cha mafuta, ili mgongo wake uniwekee giza. Mara moja tu nilimwambia tubadilishane. Akaja juu: "Kaskazini ni kwangu, usiniingilie!" Nikamwona mchoyo.

"Mwongo mkubwa wewe," nikamwambia, kwa sauti, pale juu. Nililia, sikuona haya. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku aliyonioa, na nilikuwa na hasira naye ya kutaka kumrushia ile kandambili.

Nilipotulia nikarudi kwenye stuli yangu. Kivuli changu kilikuwa bado kinaningoja ukutani, chembamba, hakina neno. Nikakipuuza, kama ninavyompuuza mteja mkorofi dukani, nikainama kwenye lenzi.

Nyayo za binti yangu zikasikika kwenye ngazi. "Mama! Chakula tayari muda mrefu. Uko salama?"

"Darubini haiendi popote," nikamwambia bila kugeuka. "Watoto wako wa shule waje wenyewe, wapande ngazi. Na kesho unitafutie kamba na blanketi zito, tulitundike hapa nyuma yangu."

Nadhani aliisikia sauti yangu ilivyokuwa imelowa. Akasogea, akajikalia kwenye stuli ya baba yake, akatazama upande aliokuwa akitazama baba yake. Mgongo wake ukagusa wangu, na ukuta mbele yangu ukaingia giza.

"Huku hakuna kitu, mama," akasema taratibu. "Taa tu. Kwako kukoje?"

Nikamwegemea.

"Kwangu kumejaa," nikasema.