Pipa la Vifuniko Viwili

California nzima hakuna aliyeujua uchochoro wa New York kama mimi. Nilizaliwa humo, nikajifunza kutembea kwa kushikilia mapipa ya taka, na mama akienda kazini, paka wa mtaani ndio walionilea. Hivyo ndivyo nilivyomweleza Bwana Halvorsen, mkuu wa wachoraji katika studio yetu ya katuni. Akaniamini. Yeye ametoka Nebraska, ambako uchochoro ni nafasi kati ya ng'ombe wawili.

Nilikuwa na sababu zangu. Kazi yangu ilikuwa kuosha. Kila paka na panya aliyekimbia kwenye katuni zetu alichorwa kwenye karatasi angavu za plastiki, na kwa kuwa studio ilikuwa bahili, zikishapigwa picha mimi nilizitia kwenye karai, nikazisugua, zikachorewa tena. Mwaka mzima nafuta masharubu ya paka! Ndipo ikaja katuni mpya, ya paka kinyozi anayewanyoa wenzake uchochoroni, akatakiwa mtu wa kuchora uchochoro wenyewe: kuta, ngazi za chuma, kamba za nguo. Kiti cha mchoraji, pale dirishani, kilikuwa kitupu.

"Haya, mtoto wa uchochoro, chora," akasema Bwana Halvorsen. "Ukipatia, kiti chako. Ukiharibu, karai lako unalijua."

"Mtaa gani huo wa New York, bwana mdogo?" akadakia Philomena, mama wa kamera, ambaye alizaliwa huko kweli na hana haya hata chembe.

"Ule wa nyuma ya duka la mikate."

"Maduka ya mikate yamejaa kule kama chawa."

"Basi kumbe unaujua!"

Nikachora. Matofali yalichakaa vizuri, ngazi ilipata kutu mahali panapostahili, na kwenye kamba nikaanika suruali ya ndani ambayo hata wewe ungeitamani. Lakini fahari yangu ilikuwa pipa la taka. Nililitia mabonde, nikaliwekea kifuniko cha bati chenye mkono uliopinda, kikang'aa hadi nikatamani kukigonga.

Sasa, katika kazi yetu kuna sheria ambayo hata paka wa studio anaijua: kitu kitakachosogea hakichorwi kwenye picha ya nyuma pamoja na kuta. Kinaachiwa yule anayechora mwendo, akiweke kwenye plastiki yake. Mimi niliijua. Ila mtu akipendana na kifuniko, sheria inakaa pembeni.

Ijumaa mchana tukakaa gizani kutazama kipande cha kwanza. Paka kinyozi akaja kwa madaha, akashika mkono wa kifuniko, akakiinua juu. Pipa likabaki limefunikwa vilevile. Kifuniko kimoja hewani, kingine mahali pake. Paka, bila wasiwasi, akapitisha mkono katikati ya bati, akatoa kitana.

"Mama yangu wee," akasema Philomena. "Pipa limevaa kofia mbili."

Taa zikawashwa. Bwana Halvorsen akanigeukia polepole. "Zaven, nini hiki?"

Mikono yangu ikaanza kunuka sabuni papo hapo. Lakini mdomo wangu haungoji ruhusa.

"Ndivyo yalivyo, bwana. Uchochoroni kwetu kila pipa lina vifuniko viwili. Cha juu cha kuibiwa, cha chini cha kubaki."

Bega la Bwana Halvorsen likatikisika, la pili likafuata, mwisho mzee akacheka hadi akashika kiti cha mbele. "Cha kuibiwa! Mpeni paka vifuniko saba! Afungue, atupe, afungue, atupe, na ndani kitana kimoja! Jambo kama hili huwezi kulijua usipozaliwa pale. Kijana, kiti chako."

"Nimeishi New York hadi nikapata mvi," Philomena akanung'unika, "sijaona pipa la namna hiyo."

"Mlikaa upande wa matajiri, mama."

Nikaenda kuketi dirishani. Jua lilikuwa limelala juu ya brashi zangu, nami nikazipanga, nikazipangua, nikazipanga tena, kwa raha tu.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia shangazi Araksi, ninayekaa kwake, na sufuria ya dolma kwapani. Niliondoka bila chakula cha mchana, na kwake hilo ni msiba. Kwa desturi ya nyumbani kwetu mkubwa ndiye huanza kula, basi akampita kila mtu, akamwekea Bwana Halvorsen majani ya mzabibu yaliyofungwa wali na nyama.

"Asante, mama," akasema mzee, shavu limejaa. "Huyu mtoto wenu wa New York ana kipaji."

"Mtoto yupi?"

"Zaven."

"Huyu? Nilimpokea kwa mikono hii hii Fresno, hapa hapa California, kwenye chumba cha nyuma, kuku wakipiga kelele nje. New York anaijua kwa stempu za barua!"

Philomena akavuta kiti, akakaa kunitazama kama yuko sinema.

"Endelea, mama," akasema Bwana Halvorsen, akichukua dolma nyingine. "Hadithi hii inashinda ile ya vifuniko."

Shangazi akanigeukia, mikono kiunoni. "Zaven wangu, ulikwenda New York lini bila kuniaga?"

Nikajaza dolma mdomoni, tatu kwa mpigo. Kwetu anayetafuna haulizwi.

"Meza," akasema shangazi. "Tunangoja."