Mizizi ya Bi Odessa

Jumanne ya uchaguzi wa rais, foleni ya wapiga kura wa mashariki ya mji wa Tolliver, Kusini mwa Marekani, ilianzia mlangoni mwa ukumbi wa kanisa la Wabatisti, ikafuata ukingo wa majani hadi barabara kuu. Mashine zilizoletwa zilikuwa mbili, na moja ilikuwa mbovu. Ng'ambo ya reli, kwenye mtaa wa Wazungu, mashine zilikuwa tele, na watu wa huko walirudi nyumbani kahawa yao ingali moto.

Bi Odessa Pruitt, mpishi mstaafu wa shule, alisimama tangu alfajiri. Zamani mama yake alinyimwa kura kwa kushindwa maswali ya katiba ambayo hata karani aliyeyauliza hakuyajua majibu; kwa hiyo Odessa hakukosa uchaguzi wa rais hata mmoja. Tena jimbo lile liligombaniwa sana: atakayelishinda, ijapokuwa kwa kura chache, atatwaa wajumbe wake wote wanaomchagua rais.

Alasiri foleni iliposogea, yeye hakusogea. Nyayo zake zilikuwa zimetoa mizizi, ikapasua viatu na kuzama ardhini.

"Dada Odessa, songa basi," alisema Lucius Tolbert, kinyozi, aliyekuwa nyuma yake.

"Siwezi. Nimeota mizizi."

Lucius aliinama kutazama. "Kweli. Nilikwambia vaa buti, ukajipamba kama bi harusi."

"Nimekuja kuchagua rais, sikuja kunyolewa na wewe. Niitie msimamizi."

Msimamizi, Bwana Hargrove, alikuja. Odessa alimwomba aletewe karatasi ya kura pale pale.

"Huduma ya nje ni ya walio ndani ya magari, mama. Wewe huna gari."

"Nina mizizi."

"Naiona. Sheria haikuitaja."

"Basi tumfungie usukani!" alisema Lucius. Wachache walicheka. Kisha watu wakampita mmoja mmoja, wakimwomba radhi.

Sheria ilisema aliye katika foleni saa ya kufunga lazima aachwe apige kura. Odessa alikuwa angali katika foleni, kwa hiyo mlango haukufungwa. Mshindi alitangazwa, jimbo lile alikuwa amelitwaa kwa kura chache kuliko watu waliochoka wakaiacha foleni. Desemba wajumbe walikutana, wakamchagua. Rais akaapishwa. Waumini walisali wamevaa makoti, kwa sababu ya baridi iliyoingia mlangoni.

Majira ya kuchipua, halmashauri ilimaliza shauri lile kwa kukifuta kituo na kukihamishia mwisho wa wilaya, kusikofika basi. Bwana Hargrove alimweleza Odessa kwa upole kwamba pasipo kituo hapana foleni. Kisha akaufunga mlango.

Uchaguzi uliofuata, Lucius aliwapakia wenzake aliowaweza katika gari lake. Waliobaki, wasio na usafiri, walikwenda kusimama nyuma ya Odessa. Kufikia adhuhuri nao walikuwa wameota mizizi.

Jioni Lucius alirudi na ndoo, akaanza kuwanywesha na kuwamwagilia. Polisi akamzuia.

"Mzee, ni marufuku kuwapa maji watu walio katika foleni ya kura."

"Hii ni foleni, kijana wangu?" Odessa alimwuliza. "Kama ni foleni, nifungulie ule mlango."

Polisi aliutazama mlango, akawatazama watu, akafikiri.

"Si foleni," alisema.

Lucius akaendelea kumwaga maji.