Shahidi wa Chaneli ya Nne

Saa mbili na nusu asubuhi fundi sauti alikuwa amepiga magoti nyuma ya mixa, meza ya kuchanganyia sauti, akilehemu plagi ya mwisho kati ya nane za kebo za maikrofoni. Wavu wa shaba pini ya kwanza, waya mwekundu ya pili, mweupe ya tatu. Ndivyo alivyofundishwa na shemeji yake, mume wa dada yake, aliyeanguka kutoka dari ya ukumbi huohuo akifunga spika, akafa. Kifo hicho ndicho kamati ilichokuja kukichunguza. Dada mtu aliketi safu ya nyuma. Alitaka jambo moja tu: neno “uzembe” lifutwe kwenye rasimu ya taarifa.

Kikao kilipofunguliwa, chaneli ya nne ilikohoa.

“Shemeji,” ikasema sauti ya marehemu, “hiyo pini ya kwanza umeilehemu kibahili. Nilikufundisha hivyo?”

Fundi aliitazama kebo ya chaneli hiyo. Ncha yake ya pili ilikuwa sakafuni, haijachomekwa popote. Akaizima chaneli. Sauti haikuzimika.

“Endelea, ndugu shahidi,” alisema mwenyekiti, “ila kwa ufupi.”

Marehemu alieleza kwamba aliomba mkanda wa usalama mara tatu, na mara tatu meneja wa ukumbi akamwambia apande hivyohivyo, wageni wako njiani. Meneja, kutoka safu ya mbele, alikiri kwamba maneno hayo ni yake. Karani akaandika.

“Mke wangu, hama hapo,” marehemu aliongeza. “Hiyo feni ya juu yako niliifunga kwa haraka.”

Dada akahama kiti.

Saa sita taarifa ilisomwa. Kwa kuwa shahidi hakuwa na mkono wa kuinua, hakula kiapo. Kwa kuwa hakula kiapo, maneno yake yalihesabiwa kuwa hitilafu ya mitambo. Chanzo cha kifo: uzembe wa marehemu. Kebo itupwe.

Fundi aliipima kwa mita ya kupimia nyaya. Kila waya ulifika ulipopaswa kufika. Akapima tena, asijue alichokuwa akikitafuta.

“Imeharibika wapi?” dada aliuliza.

“Dada, sijui. Ni nzima.”

“Basi nipe mimi.”

Akaiokota, akaanza kuizungusha kiwikoni.

“Si kiwikoni, mke wangu,” marehemu alisema kwa upole. “Nyaya hukatikia ndani. Huo ni uzembe.”

“Mzembe ni wewe,” dada alijibu. “Imeandikwa.” Akaendelea kuizungusha kiwikoni mpaka ikaisha.