Thole, Neno la Dada Yangu

Kazi yangu ni kutunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na ofisini kwetu kuna sharti moja: maana ya neno haipelekwi kuchapwa mpaka asomewe mtu asiyejua Kiingereza, naye aielewe. Miaka yote nimemsomea dada yangu mkubwa, fundi cherehani, huku ameuma pini mdomoni. Nikiandika upuuzi, hucheka mpaka pini zinamdondoka.

Safari hii nilimsomea wodini. Saratani ilikuwa imemwingia kwenye mfupa wa nyonga. Sindano za maumivu zilikuwa chache, na muuguzi, binti wa watu mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono, aliwafuata waliopiga kelele. Dada hakupiga kelele. Alishika chuma cha kitanda.

"Nisomee neno," akaniambia. "Nisahau kidogo."

Nilikuwa na moja tu mkobani: thole. Nikamweleza kwamba ni neno la kale la Waingereza, maana yake kubeba maumivu bila kulalama. Zamani lilikuwa la kila mtu. Kisha wakaja wakubwa waliosema Kifaransa, maneno yao yakazoeleka, na hili likasukumwa pembeni hadi likabaki kaskazini, kwa Waskoti na majirani zao.

"Kumbe na maneno hufukuzwa nyumbani," akasema. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Na hao waliobeba, walipona?"

"Kamusi haisemi, Dada."

"Basi kamusi yako ina upungufu."

Ningecheka, lakini hasira ilinizidi. Mama ndiye aliyemlea hivi: kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Mimi kitinda mimba nililia nilivyotaka, nikapewa. Yeye alisifiwa kwa kunyamaza. Sifa gani hizo! Nilikwisha kumwomba muuguzi sindano tangu asubuhi, na kila mara alimtazama Dada, akanijibu, "Mbona ametulia? Wenye hali mbaya kwanza."

Kitoroli cha dawa kikaingia. Nikamwinamia sikioni.

"Dada, nakuomba, piga kelele. Mara moja tu. Akikusikia atakuja."

"Mtu mzima mimi, nipige kelele mbele za watu?"

"Piga! Nitukane hata mimi!"

Akaona nilivyomng'ang'ania, akanihurumia. Yeye ndiye akanihurumia mimi. Akafumba macho, akavuta pumzi, uso mzima ukakunjamana kwa juhudi. Nikamshika mkono, nikasubiri.

"Mwanangu muuguzi," ikatoka sauti ndogo, "samahani, ukipata nafasi."

Muuguzi akageuka, akatabasamu. "Si unaona?" akaniambia. "Bibi yetu leo hajambo." Akasukuma kitoroli hadi kitanda cha pili, ambako mama mmoja alikuwa akilia kwa sauti, akamchoma sindano ya mwisho iliyobaki.

Hapo mayowe yakanitoka mimi. Wodi nzima ikageuka kunitazama. Dada akanivuta mkono.

"Nyamaza, mdogo wangu," akasema. "Humu kuna wagonjwa."