Magoti ya Gauni la Kijivu

Mwanangu alipooa, majirani hawakumaliza wiki kabla ya kumbandika mke wake jina la Redio. Hawakumwonea. Mkwe wangu huyo hakuwa na siri ya njaa, ya uchovu wala ya furaha. Alifanya kazi ya udobi kwenye hoteli kubwa, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, ambako mashuka hufika asubuhi yamefungwa mafurushi na kuondoka jioni yamenyooka kama vitabu. Huko kazini kwao shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Ukiona linakushinda unaita, "Mkono!" Aliye karibu anaacha alichoshika, anachukua pembe mbili, mnakunja, anarudi kwenye kazi yake. Hakuna anayekuuliza kwa nini huwezi peke yako.

Neno hilo akaja nalo nyumbani kwangu, tulikoishi wote watatu. Jioni moja alisimama mlangoni, viatu kavishika, akaita, "Mkono!"

Nikatoka jikoni mbio. "Mzigo uko wapi?"

"Hakuna mzigo, mama. Msimamizi kanifokea mbele ya watu kwa kosa lisilo langu. Nataka mtu aniambie mimi si mjinga."

Nikamtazama. Mtu mzima, mke wa mtu. "Haya, wewe si mjinga," nikasema, ilimradi yaishe.

"Ahsante, mama. Limekunjwa hilo." Akapita zake kwenda kunawa, anaimba.

Mimi sikulelewa hivyo. Nilipofiwa na mume wangu nililia siku za kulia, nikaosha uso, nikarudi kwenye sala zangu. Watu wakasema mama yule ana moyo wa chuma, na mimi nikaipenda sifa hiyo. Haja zangu nilimwambia Mungu peke yake. Binadamu niliwaacha wabahatishe wenyewe, na hawakubahatisha. Mwaka ukaisha hakuna aliyenigusa ila kwa kupeana mikono mlangoni baada ya ibada.

Kisha nikateleza kwenye ngazi za uani, goti la kushoto likavimba kama tikiti. Mwanangu ni fundi wa lifti, na kwa uchache wa maneno ni baba yake mtupu. Lakini kila jioni akaanza kuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu, akimimina mafuta ya kuchua kiganjani, akilikanda lile goti. Na huku anakanda, anazungumza. Alinisimulia bibi harusi aliyekwama kwenye lifti na keki yake, walipomtoa keki imebaki nusu. Alinisimulia habari za baba yake ambazo sikuwahi kuzisikia. Robo saa tu, halafu ananifunika miguu na kuondoka.

Goti lilipona wiki ya tatu. Mimi nikaendelea kuchechemea miezi saba.

Asubuhi wakishatoka nilikuwa nachota maji, nafagia ua, napanda kigoda kufuta vumbi juu ya kabati. Jioni nikisikia funguo mlangoni, mguu unakuwa mzito. Kuna siku nilisahau ni upi, nikachechemea wa kulia.

Jumatatu moja mwanangu akarudi na barua ya kazini. Kati ya mafundi kumi na mmoja walikuwa wamemchagua yeye aende mji mwingine, miezi mitano, kujifunza lifti za aina mpya. Nafasi hiyo aliisubiri miaka sita. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Alituwekea mezani, tukaisoma, kisha akaikunja vipande vinne.

"Siendi," akasema. "Mama hawezi hata kupiga magoti. Namwacha na nani?"

"Niachie mimi," mkwe wangu akasema.

"Wewe kutwa uko kazini. Akianguka tena?"

Nilikuwa nimekaa pale pale, mguu juu ya stuli. Ningeweza kusema. Nikasema, "Mungu anajua." Neno zuri hilo, nikalifanya pazia.

Jumatano mkwe wangu alikuwa na mapumziko. Akaingia chumbani kwangu na nguo alizozipiga pasi, akatandika gauni langu la kijivu kitandani, ndilo gauni la sala zangu za alfajiri. Akaweka kidole sehemu ya goti la kulia, halafu la kushoto. Pande zote mbili kitambaa kilikuwa kimechujuka na kulainika, sawasawa, kama kimepimwa kwa rula.

"Mama, mimi ni dobi," akasema taratibu. "Gauni hili ulishonewa baada ya kuanguka. Huku kuchujuka ni kwa magoti yaliyopigwa sakafuni, yote mawili, kila siku."

Uso ukaniwaka. Nilimdanganya mwanangu, nilimdanganya daktari, lakini mbele za Mungu nilikuwa napiga magoti yangu yote mawili na wala sikufikiria kwamba sakafu inaandika.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwezi wa tatu wa kuchechemea kwako."

"Na hukumwambia mumeo?"

"Shuka lako hilo, mama. Mtu hamwitii mwenzake mkono." Akaanza kulikunja gauni, bila haraka. "Nilitaka tu ujue Ijumaa ni keshokutwa."

Hakunitazama kwa dharau. Alipofika mlangoni akageuka, akasema, "Hata mimi ningechechemea. Anakanda vizuri." Akacheka, akanifungia mlango.

Nimekutana na watu wengi wanaojua Maandiko kuliko yule binti. Sijakutana na wengi wanaoweza kushika aibu ya mwenzao mkononi wasiiangushe.

Alhamisi jioni tulipokwisha kula nilisimama. Nilisimama kwa miguu miwili.

"Mkono!" nikaita.

Mwanangu akaangua kicheko. "Mama naye! Redio imeshika stesheni mpya."

Mkwe wangu hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaningoja.

"Mguu wangu mzima," nikasema. "Umepona tangu wiki ya tatu. Nilichechemea ili uje kukaa kitandani kwangu."

Mwanangu alinitazama mguu, akanitazama uso, akatoka nje. Nikasikia anazunguka uani, na mimi nimesimama vile vile kama mshitakiwa. Nikawaza, nimempoteza. Mkwe wangu hakuniambia nikae wala hakumfuata mumewe. Alinisogelea tu, bega lake likagusa langu.

Aliporudi alikuwa na macho mekundu. "Miezi saba, mama! Nimekukanda miezi saba!"

"Ndiyo, baba."

"Na maumivu yalikuwa yanahama! Mara kulia, mara kushoto! Nilimwuliza daktari kama kuna ugonjwa wa kuhamahama. Akanitazama kama mwehu!"

Hapo mkwe wangu alishindwa, akainamia meza anacheka mpaka machozi. Mwanangu akajaribu kubaki na hasira yake, ikamtoka. Akavuta kiti karibu yangu.

"Kwa nini hukusema tu?"

"Ningesemaje? Na mvi zangu hizi, niseme nataka mwanangu akae na mimi robo saa? Nataka mtu anishike mguu, anitajie baba yako?"

"Maneno hayo hayo," akasema. "Ungesema hayo hayo." Akaweka mkono wake juu ya goti langu. "Hata mimi sina mwingine wa kumtajia baba."

Ijumaa akapeleka jibu: anakwenda. Jumamosi jioni, mkoba wake umeshafungwa, alikuja chumbani na chupa ya mafuta, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Upi leo?" akauliza.

"Wowote," nikamwambia.

Akaondoka Jumapili asubuhi. Nyumba ikawa pana. Saa kumi na moja jioni nilikuwa chumbani nikasikia kitambaa kikipigwa upepo sebuleni, mara moja, mara mbili, kisha kimya. Nikachungulia. Mkwe wangu alikuwa amesimama katikati na shuka la kitanda chao, pembe mbili zinaburuta sakafuni. Hakuita. Yeye aliyetufundisha kuita, sauti haitoki.

Nikasubiri. Shuka lilikuwa lake.

"Mkono," akasema mwishowe, kwa sauti ambayo hata majirani waliomwita Redio wasingeitambua.

Nikaenda, kwa miguu yangu yote miwili mizima, nikaokota pembe zangu.

"Nataka kulia kidogo, mama. Usiniambie ninyamaze."

Sikumwambia. Tukanyoosha shuka, tukakutanisha pembe, na kila tulipokaribiana nilimfuta uso kwa mkono uliokuwa wazi.