Nyeusi kwa Maji ya Tope

Siku ya tatu baada ya mazishi, shemeji yangu Njau aliingia nyumbani kwangu Kimbo bila kubisha, akachukua sanduku la kuvulia samaki la marehemu mume wangu, Gachanja.

"Vitu vya wanaume hurudi kwa wanaume," alisema.

Hata hivyo, akitoka alirudisha mlango polepole kwa sababu mjukuu wangu alikuwa amelala. Hilo nililiona.

Mwezi uliofuata akataka na mahali pa Gachanja.

Mahali penyewe ni hatua tano tu za ukingo, kwenye bwawa la shamba la zamani la kahawa upande wa Murera. Wavuvi wa kikundi ni kumi na wawili, na kila mmoja ana pake. Pale huvuliwa besi, samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kama kikombe. Mwanachama akifa, mahali pake huachiwa mtu wa nyumba yake, mradi anajua kuvua. Miaka ishirini na sita nilikaa hapo kando ya Gachanja. Kimbo fleti zimetuzunguka hadi jua haliingii jikoni. Pale ukingoni ndipo mahali pekee ambapo bado ninaweza kumsikia akinyamaza.

"Huyu alikuwa analeta chai," Njau aliwaambia wanachama. "Kuleta chai si kuvua."

"Na jigi alikuwa anafunga nani?" nikamuuliza.

Jigi ni ndoano yenye kichwa kizito cha madini ya risasi, na nyuma yake kishada cha nyuzi zinazocheza majini ili samaki adhani ni kitu cha kula. Vishada vyote vya Gachanja nilifunga mimi, kwa mabaki ya nywele za kusukia kutoka saluni ya Ciku. Ciku hunifungia kila rangi kwenye karatasi yake, ingawa sijawahi kumwomba azitenganishe.

Njau alicheka. "Nywele za saluni! Mnasikia? Kumbe ndugu yangu alikuwa anavua na uchawi. Ndiyo maana amekufa mapema."

Hakuna aliyemkanya. Mwenyekiti wetu, Maluki, ambaye hapendi kelele, akatoa uamuzi. Jumamosi asubuhi tutavua kwa dakika sitini. Kila mtu atafunga jigi moja kwenye uzi wake, na akishaifunga haruhusiwi kubadilisha. Atakayetoa besi mkubwa, mahali ni pake.

Ijumaa mvua ilinyesha mchana kutwa. Jumamosi tulikuta bwawa limekuwa zito kama chai ya maziwa. Ukitia mkono majini hadi kwenye kifundo, huoni vidole. Musembi, aliyekuwa upande wa Njau na aliyekuwa ameniita mama mkaidi mbele ya watu, alinitandikia gunia juu ya matope. Hakunitazama alipokuwa akilitandika.

Njau alifungua sanduku. Nilijua kila kitu kilichokuwamo. Mkono wake ulienda moja kwa moja kwenye jigi ya kijani na kahawia, ile ambayo kishada chake kimeliwa nusu. Ndiyo iliyomtoa yule besi wa kilo tatu ambaye wote bado wanamsimulia.

"Njau," nilisema, "hiyo ni ya maji maangavu. Wakati ule tulikuwa tunaona hadi chini. Samaki akiona vizuri ni mchaguzi, unampa rangi ya kamba wa majini anayemla kila siku. Leo haoni kitu. Anahitaji kivuli cheusi kimpite karibu. Chukua ile nyeusi yenye bluu, iko hapo chini, upande wa kushoto."

Njau aliishika ile nyeusi, akanitazama, akaitupa tena ndani ya sanduku.

"Unaniona mjinga? Maji machafu, jigi nyeusi, samaki ataiona na nini, tochi?" Watu walicheka. "Mtu anataka kukutoa kwa shamba, halafu anakuchagulia mbegu?"

"Nakuambia ukweli."

"Mama Becky, wewe hujawahi kunipenda hata siku moja."

"Hilo pia ni ukweli."

Akafunga ya kijani. Mimi nikatoa jigi nyingine nyeusi na bluu kutoka kwenye karatasi yangu, nikaifunga kwenye uzi, nikasogea karibu na matete. Maji yakichafuka, besi hujibana penye mimea na hafukuzi mbali. Nilitupa, nikaacha izame, nikaivuta polepole kama mtu anayeburuta mguu mbaya.

Nusu saa ilipita bila kitu.

"Mama Becky, umelala?" Njau aliita. "Mwambie marehemu akuamshe!"

"Njau, heshima," Maluki alisema, mara hiyo moja tu.

Nilitupa tena, karibu zaidi na matete. Uzi ukakaza. Sikuuvuta kwa haraka. Besi alipotoka hakuwa mkubwa, alifika tu kutoka kiwiko hadi kiganja. Lakini muda ulipoisha, Njau hakuwa na hata mmoja.

Alikuja akainama, akaangalia ile jigi nyeusi kwenye mdomo wa samaki. Kisha akawageukia wanaume.

"Alijua nitakataa. Aliniambia ukweli makusudi!"

Hakuna aliyecheka. Maluki aliandika jina langu, Waithira, mahali palipokuwa na jina la Gachanja, na watu wakatawanyika bila kunipa mkono.

Nimelifikiria neno la Njau mara nyingi. Nilitaka achukue nyeusi, tuvue sawasawa, nimshinde kwa mkono. Lakini pia nilijua jinsi anavyonisikia. Sina jibu safi kuliko hilo.

Sasa huja kila Jumamosi. Hana mahali, kwa hivyo husimama nyuma yangu na kunihesabia makosa. "Umechelewa kuvuta. Kaka yangu hangetupa hivyo." Nikimmiminia chai, huimwaga chini mbele ya macho yangu.

Jumamosi iliyopita maji yalikuwa yamesafika, na samaki wadogo weupe walikuwa wanaruka juu wakikimbia kitu. Nikachagua jigi nyeupe, rangi yao. Nyuma yangu kelele za Njau zikakatika ghafla. Sikugeuka. Niliinua ile jigi juu kidogo, nikaishikilia hapo hadi mkono ukachoka, ili aione vizuri, kisha nikaitupa.