Mapenzi ya Moja Mpaka Saba

Kama umewahi kumlilia binti wa mfalme katika filamu yoyote iliyopita kwenye studio yetu ya Shanghai, basi ulimlilia Peizhen, na wala hukujua. Ulichokiona ni kisura mwenye shingo ndefu na hereni za lulu. Ulichokisikia ni mama mnene wa miaka hamsini na nane, mwenye miwani ya kamba, aliyevua viatu ili sakafu isilie. Ndivyo kazi ya kuingiza sauti ilivyo. Nyota anapigwa picha akichezesha mdomo, halafu Peizhen anaingia kwenye chumba chenye giza na kumtilia maneno. Jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye filamu hata moja. Mpishi wa wapiga picha aliandikwa. Farasi mmoja aliwahi kuandikwa. Peizhen, wapi!

Na lilimuuma, asikudanganye mtu. Mabibi wa mtaani kwake, wale wanaocheza ngoma uwanjani jioni, walikuwa wakimkejeli waziwazi. "Mwenzetu, kila filamu unasema ni wewe. Haya, na yule simba wa kwenye katuni, naye ni wewe?" Simba kweli alikuwa yeye, lakini angethibitishaje? Angenguruma pale uwanjani?

Kwa hiyo mwongozaji Gu Hanwen alipomwita kwa filamu yake mpya ya mapanga na mapenzi, Peizhen alidai kitu kimoja tu.

"Mwalimu Peizhen," Gu akamwambia, maana sisi msanii mwenye umri humwita mwalimu hata wakati tunamdhulumu, "safari hii jina lako linaandikwa. Mstari wake peke yake. Naapa."

"Unaapa kwa nani?"

"Kwa mama yangu."

"Mama yako namjua, amekuzoea. Apa kwa mtu unayemwogopa."

"Basi naapa kwa mke wangu."

Peizhen akaridhika.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke wa upanga anampenda mwanamume wa upanga, na koo zao zinachukiana. Mwanamume ameweka nadhiri ya kutosema, kwa hiyo kazi yake ni kusimama kwenye upepo. Wanapendana filamu nzima bila kugusana hata kidole, isipokuwa kwa ncha ya upanga. Wanaruka juu ya mianzi, hariri zinapepea, na mwishowe mwanamke anakufa kwa sumu kifuani mwa yule bubu. Mwanamke huyo alichezwa na Lulu, mwimbaji kijana ambaye sura yake inauza shampuu kwenye kila ukuta wa mji huu. Lulu alikuwa na matamasha, hakuwa na nafasi ya kukariri. Akafanya kama wanavyofanya nyota wengi wa siku hizi: mbele ya kamera alihesabu. Palipoandikwa "Nitakungoja hata milima isawazike," Lulu alisema, "Moja, mbili, tatu, nne," huku machozi ya dawa yakimtiririka. Hakuna aliyeona ajabu. Si Peizhen atakuja kuweka maneno?

Kabla hajayaweka, akatua Mzungu. Alikuwa Bwana Anselm, mrefu, mpole, kanzu ya hariri ya Kichina mwilini kuanzia uwanja wa ndege, mnunuzi wa filamu kwa ajili ya majumba ya sinema ya kwao. Alitaka kuona kazi hata kama haijaiva. Gu akapanga Peizhen asimame kando ya pazia la sinema na maikrofoni, aingize sauti papo hapo. Peizhen alikwenda kutengeneza nywele. Akaanza vizuri, sauti laini, ya binti wa miaka kumi na tisa. Bwana Anselm akanyoosha mkono na kumnong'oneza mkalimani, dada mmoja aitwaye Fang.

"Anasema huyo mama anyamaze," Fang akasema.

"Mama yupi?"

"Wewe, mama. Samahani sana. Anataka kumsikia mwigizaji mwenyewe."

Peizhen akashusha maikrofoni. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. Gu naye jasho likamtoka, lakini mnunuzi ndiye mnunuzi, na sauti ya filamu ikafunguliwa. Pale kwenye pazia Lulu alisimama kwenye mvua, akamtazama yule bubu, midomo ikimtetemeka.

"Moja," Lulu akasema. "Mbili. Tatu."

Bwana Anselm akainama mbele.

"Nne."

Bwana Anselm akatoa leso.

"Anasema nini?" akauliza. Fang akamtazama Gu. Gu akatazama dari. Mshahara wa Fang ulitoka kwa Gu, na dari haikuwa na msaada.

"Anasema... mvua imesahau njia ya kurudi mbinguni."

"Ee Mungu wangu. Na lile neno moja la mwisho?"

"Kesho," Fang akasema, akimeza mate.

"Kesho!" Mzungu akafumba macho. Akaeleza, na Fang akatafsiri, kwamba kwao watu wamechoka kupendana. Wanaulizana nani ataosha vyombo, wanalipa mshauri awasikilize wakigombana, wanatengana, kisha wanagawana mbwa. Hawa hapa wanapendana kwa pumzi tu. Hapigi mtu soga, haulizi mtu umekula nini. Ikiwezekana, akaongeza, ile sehemu yule dada anakula tambi na kumfokea wifi yake iondolewe. Mwanamke kama huyu hali chakula.

"Hata mimi zile tambi zilikuwa zinaninyima usingizi," Gu akasema. Mwongo mkubwa! Zile tambi alizipigania yeye mwenyewe siku mbili, akisema bila tambi filamu haina roho. "Mimi siku zote nimeamini kwamba maneno ni kelele. Kwa hiyo niliwaambia waigizaji wangu, semeni kidogo mno."

Peizhen alikuwa bado amesimama pale kando, nywele zake zimetengenezwa.

Wiki iliyofuata Gu alifika nyumbani kwake na kaa wa ziwani sita, wamefungwa kamba, wazima. Mume wa Peizhen, Mzee Qiao, dereva mstaafu wa basi, alikuwa amekaa mlangoni na pajama zake kama ada. Akawatazama kaa, akamtazama Gu.

"Mama Wenwen!" akamwita mkewe ndani. "Kuna mtu amekuja kukuomba jambo la aibu."

Kweli lilikuwa la aibu. Mzungu amenunua. Anataka sauti ileile, maneno yaleyale, ila safi, maana kwenye sauti ya awali kuna feni ya upepo na mtu anayenadi tofu, ile jibini ya soya inayonuka. Na Lulu yuko safarini anaimba.

"Sasa unataka mimi nihesabu," Peizhen akasema.

"Kwa hisia, mwalimu."

"Bwana Gu, huoni haya?"

"Naona. Lakini sikiliza. Ya Wazungu ni ya Wazungu. Kwao utahesabu, na itabidi iwe siri, wao wanajua ni Lulu. Kwetu hapa nyumbani utasema maneno yote, na jina lako mstari wake peke yake. Ukiharibu ya kwao, ya kwetu nayo haitoki, fedha ni zilezile. Na ukitoboa siri, mwalimu, sitaki kusema maneno mabaya, lakini hakuna studio itakayokufungulia mlango tena."

"Wewe kahesabu," Mzee Qiao akasema, akimfungua kaa mmoja kamba. "Ukifika mia rudi tule."

Akaenda. Usiku kucha aliwaza: nisome kama karani wa sokoni, niwakomoe? Lakini mtu aliyefanya kazi moja maisha yake yote hajui kuifanya vibaya, hata akitaka. Alipovua viatu na kuitazama sura ya Lulu kwenye giza, alijikuta anamuuliza Gu, "Hapa kwenye 'tatu', anamsamehe au bado?"

"Mwalimu, tatu ni tatu."

"Wewe hujui kitu. Nyamaza."

Akajiamulia mwenyewe. Moja ikawa ya mtu anayeita jina gizani. Tatu ikawa ya msamaha. Alipofika kwenye kifo, alihesabu mpaka saba, na ile saba aliitoa chini sana, kwa pumzi iliyobaki. Fundi wa sauti alivua vifaa vya masikioni akatoka nje kuvuta sigara, na hakuwa mvutaji. Peizhen akavaa viatu vyake. Alijichukia kwa kuwa alijua amefanya vizuri.

Huko kwa Wazungu filamu ilishika moto. Watu walitoka sinema wakitembea polepole, wakataka kujifunza upanga. Ikapata tuzo kubwa, na Lulu akapata yake, kwa ajili ya sauti. Waamuzi waliandika kwamba hawajawahi kusikia mwanamke akibeba huzuni nyingi kiasi kile kwa maneno machache kiasi kile. Lulu akalia jukwaani, machozi ya kweli sasa, akamshukuru mama yake.

Gu akapiga simu.

"Mwalimu, wenye fedha wameamua. Iliyoshinda ndiyo itakayoonyeshwa hapa pia. Waliyoipenda Wazungu, tutaiguseje?"

"Wewe! Watu hapa wanajua kuhesabu!"

"Kutakuwa na maandishi ya chini. Tumeyatafsiri kutoka Kizungu."

"Yaani uongo wa Fang umekwenda Ulaya ukarudi?"

"Umerudi mzuri kuliko ulivyokwenda."

"Na jina langu?"

"Lulu amepewa tuzo ya sauti," Gu akasema. "Niambie wewe, nitaliandika wapi?"

Peizhen akakata simu. Alikaa jikoni mpaka wali ukaungua, na Mzee Qiao akala ule wali ulioungua na kuusifu, jambo ambalo si kawaida yake.

Siku ya onyesho la kwanza walikwenda wote wawili. Mzee Qiao alivaa suruali ya kutokea, ujue mambo ni mazito. Walikaa safu ya nyuma, kati ya mabibi wenye mbegu za alizeti. Mbele kabisa walikaa Gu, Lulu na gauni lake, na Bwana Anselm, aliyekuja kuona jinsi wenyeji watakavyoguswa. Taa zikazimwa. Mianzi, hariri, mvua.

"Moja," mwanamke akasema kwenye pazia, na chini yake yakatokea maandishi: Mvua imesahau njia.

Watu wakatazamana gizani.

"Mbili. Tatu."

"Hebu," sauti ya mzee mmoja ikatoka gizani, "au masikio yangu? Anahesabu nini huyu?"

"Mianzi!" mwingine akajibu.

Basi! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mbegu za alizeti zilimwagika, watu walishikana mabega. Kila Lulu alipofumbua mdomo walimtangulia, "NNE!" na pale anapotazama ziwa akiwa amekonda kwa mapenzi, "TANO!" Gu alizama kwenye kiti mpaka zikabaki nywele tu. Bwana Anselm aligeuka nyuma, macho yakimng'aa.

"Wanaijua kwa moyo!" akamwambia Fang. "Taifa zima linalijua shairi hili kwa moyo!"

Peizhen alicheka pia, afanyeje. Alicheka na kifua kikimuuma. Hakuitoa sauti ile ili ichekwe. Kisha ikafika saa ya kifo, mwanamke kifuani kwa bubu, theluji ikianguka.

"Moja."

"MOJA!" ukumbi ukaitikia.

"Mbili. Tatu."

Wachache wakaitikia. Kwenye "nne" hakuitikia mtu. Bibi aliyekaa mbele ya Peizhen aliacha kutafuna.

"We dada," akamnong'oneza jirani yake, "sauti hii naijua. Hii si ya huyu mtoto wa shampuu. Hii ilinitoa machozi nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza, nikaambiwa nitazaa mtoto mlizi."

"Hata mimi naijua. Ya nani?"

"Nani ajuaye? Hawakuandika."

"Tano," sauti ikasema. "Sita."

Mtu akavuta makamasi. Mzee Qiao alikuwa amemshika mkewe kiwiko, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakusinzia kwenye sinema.

"Saba."

Mwanamke akafumba macho. Ikabaki theluji tu. Peizhen alijua akinyamaza dakika moja zaidi taa zitawaka, Lulu atapanda jukwaani na maua, na Jumatatu yeye atarudi studio kunguruma kama simba. Alijua pia mlango gani utafungwa akifumbua mdomo. Akavua viatu. Akasimama.

"Nane," akasema.

Sauti ilikuwa ileile, ya binti wa miaka kumi na tisa, ila sasa ilitoka nyuma ya vichwa vyao. Vichwa vyote vikageuka. Cha Lulu kikageuka, cha Gu kikageuka. Bwana Anselm akasimama, akamtazama yule mama mnene mwenye miwani ya kamba, akalitazama pazia, akamtazama tena.

"Anasema nini?" akauliza.

"Amesema nane," Fang akamjibu. "Kabla ya hapo ilikuwa saba. Kabla ya saba ilikuwa sita."

Mzungu akakaa chini taratibu. Hakuna aliyemjali. Yule bibi aliyekaa mbele yake alikuwa amegeuka mzima mzima, magoti juu ya kiti, amemshika Peizhen mikono yote miwili.

"Kumbe ni wewe! Miaka yote hii ni wewe! Mama, jina lako nani?"

Peizhen akafumbua mdomo. Aliwahi kusema kwa niaba ya mabinti wa wafalme, wajane, majini na wanyama wa porini, wala hakukwama hata siku moja. Sasa ikabidi alitaje jina lake mara mbili ndipo likasikika.